UZI: Karani, jirani na ngazi ya vyeo: jinsi dola ya Qin ilivyowashika watu wake

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Tukizungumzia tawala za kale huwa tunakimbilia upanga: mfalme mkali, jeshi kubwa, watu wakaogopa, nchi ikatulia. Naona hapo tunaruka sehemu kubwa ya habari. Askari hawatoshi kusimama kwenye kila mlango, na zama hizo barua ya mfalme ilisafiri kwa miguu na farasi. Anayetaka kujua mamilioni ya watu walitiije amri za mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso, amtafute karani.

Mfano wangu ni Qin, dola iliyoiunganisha China mwaka 221 KK na kuanguka mwaka 206 KK. Nimeichagua kwa sababu nyaraka za ofisi zake zimefukuliwa ardhini, kwa hiyo hatulazimiki kutegemea maneno ya maadui zake peke yake.

Desemba 1975, pale Shuihudi, wilaya ya Yunmeng katika mkoa wa Hubei, lilifunguliwa kaburi lililopewa namba 11. Ndani amelala bwana mmoja aitwaye Xi, karani wa serikali ya wilaya, aliyezaliwa 262 KK na kufariki akiwa na miaka arobaini na kitu. Ndani ya jeneza, kuuzunguka mwili wake, vimepangwa vibanzi vya mianzi zaidi ya 1,100 vilivyoandikwa kwa wino. Kuna sheria za maghala, za mashamba na za shokoa, yaani kazi ya lazima kwa serikali. Kuna maswali na majibu ya kisheria. Kuna hata mifano ya jinsi ya kuandika ripoti ya kesi. Mtu amezikwa na vitendea kazi vyake, nasi leo tunaweza kusoma alichokuwa akikisoma mezani.

Mashine yenyewe ilianza kuundwa kabla yake. Mwaka 356 KK, Qin ikiwa bado nchi moja ya magharibi kati ya nchi zilizokuwa zikipigana bila kupumzika, mtawala wake Xiao alimpa mgeni mmoja, Shang Yang, ruhusa ya kupindua utaratibu wote. Duru ya pili ya mageuzi ilifuata 350 KK. Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, anasimulia kwamba kabla ya kutangaza sheria, Shang Yang alisimamisha gogo kwenye lango la kusini la soko, akaahidi vipande 10 vya dhahabu kwa atakayelibeba hadi lango la kaskazini. Watu wakaona ni mzaha. Akapandisha hadi 50. Mmoja akajitosa, akalibeba, akalipwa palepale. Baada ya hapo ndipo sheria zikatangazwa. Huenda kisa kimetiwa chumvi, ila kinaonyesha kitu kinachorudi katika nyaraka zote za Qin: serikali ikisema italipa inalipa, ikisema itapiga inapiga.

Naendelea.

#2 Mleta mada

Msingi wa kila kitu ulikuwa kaya na jirani zake. Shang Yang aligawa watu katika vikundi vya kaya tano na kumi, wakawekwa chini ya dhamana ya pamoja. Kwa maelezo ya Sima Qian, aliyejua mhalifu akanyamaza alikatwa kiunoni vipande viwili, na aliyemtaja alipata zawadi sawa na ya askari aliyeleta kichwa cha adui. Kaya yenye wanaume wazima wawili au zaidi wasiogawana nyumba ilitozwa kodi mara mbili, kwa hiyo koo kubwa zilivunjika zenyewe na kila mtu akaonekana kwenye daftari.

Daftari hizo tunazo. Mwaka 2002, huko Liye, mkoa wa Hunan, vilipatikana vibanzi zaidi ya 30,000 ndani ya kisima cha kale, vingi vikiwa nyaraka za wilaya ya Qianling. Katika mtaro wa jirani vikapatikana vya kuandikisha kaya. Kila kibanzi kimegawanywa safu: mwenye kaya na cheo chake, kisha mke, watoto wa kiume, watoto wa kike, na mwisho mzee au mtumwa kama yupo. Baadhi vimeongezwa neno kwamba huyu ndiye mkuu wa kaya tano. Qianling ilikuwa pembezoni kabisa mwa dola, milimani, na bado karani alijua nani analala chini ya paa gani.

Ila jambo lililonifanya nianzishe uzi huu ni namna dhamana hii ilivyopimwa kwa uangalifu. Sikilizeni swali hili kutoka kwenye vibanzi vya Xi. Mhalifu ameingia nyumbani kwa mtu na kumjeruhi. Aliyejeruhiwa amepiga yowe. Majirani wa pande nne, mkuu wa kijiji na mzee wa kijiji wote walikuwa wametoka, hawakusikia. Je, washtakiwe? Jibu: ikithibitika hawakuwepo, majirani wasishtakiwe. Mkuu na mzee washtakiwe, hata kama hawakuwepo.

Raia wa kawaida ana udhuru. Mwenye madaraka hana.

Na kingine: mtu akishambuliwa kwenye njia kuu, walio karibu wasimsaidie, yeyote aliyekuwa ndani ya hatua 100 anatozwa faini ya deraya mbili. Faini za Qin zilihesabiwa kwa ngao na deraya, vifaa vya vita.

#3 Mdau wa Mwanza

Mkuu hii si balozi wa nyumba kumi kabisa? Naona tofauti ni vile vibanzi tu.

#4 Mdau wa Mombasa

Na huku Kenya tuna Nyumba Kumi. Lakini ndugu yangu, jirani kukatwa kiunoni kwa kosa la mwenziwe? Huo si utaratibu, ni dhuluma.

#5 Mleta mada

Mdau wa Mwanza, umbo linafanana, na ndiyo maana ni rahisi kwetu kulielewa: mtu anayekujua kwa jina anawekwa kati yako na serikali. Tofauti kubwa ni kwamba balozi wa kwetu anaweza kufumba macho na maisha yakaendelea. Wa Qin akifumba macho anaingia kwenye kosa la jirani yake. Nyumba kumi zinategemea ujirani uliokuwepo tayari. Qin waliugeuza ujirani kuwa deni.

Ndugu wa Mombasa, nakubaliana nawe kuhusu dhuluma, na sitaitetea. Mfumo unaomlipa mtu kumtaja jirani yake unaharibu kitu ambacho sheria haiwezi kukijenga tena. Hata hivyo tujiulize kwa nini watu waliukubali kwa zaidi ya miaka 130 kabla dola haijaanguka. Hofu ina sehemu yake. Nyaraka zinaonyesha sababu nyingine mbili: sheria iliwabana pia watumishi wa serikali, na mtu wa chini alikuwa na ngazi ya kupandia.

Nianze na watumishi. Ghala la serikali likikutwa na matundu matatu ya panya au zaidi, faini ni ngao moja. Mawili kushuka chini, karipio. Na kwa kuwa makarani ni makarani duniani kote, kanuni inaendelea kueleza kwamba matundu matatu ya panya wadogo yahesabiwe sawa na tundu moja la panya mkubwa.

Ng'ombe wa kulimia wa serikali walipimwa unene na kushindanishwa kila robo mwaka. Msimamizi wa walioshinda alipewa pombe na nyama kavu. Ng'ombe akikonda kwa kazi, anayemtumia alichapwa viboko 10 kwa kila inchi ya kipimo chao iliyopungua. Mvua ikinyesha kwa wakati, wilaya iandike juu ni mashamba kiasi gani yamenufaika. Ukame, dhoruba au wadudu vikija, iandike pia. Wilaya za karibu zitume mtu wa mbio kwa miguu, za mbali zitumie vituo vya barua. Kwa hiyo mji mkuu wa Xianyang ulijua njaa inatokea wapi kabla wenye njaa hawajafika mjini.

Halafu kuna mwongozo wa kuhoji mtuhumiwa, ambao kila nikiusoma nasimama. Unasema kwamba kuipata kweli kwa kufuatilia maandishi ya maelezo yake bila kumpiga ndiyo njia bora. Kupiga ni njia duni. Na hofu huharibu kesi. Haya yaliandikwa katika dola ambayo vitabu vingi vinaitaja kwa ukatili tu. Kipigo kiliruhusiwa, hasa kwa mtuhumiwa aliyebadilisha maneno mara kwa mara, lakini karani alipaswa kuandika kwamba amempiga na kwa sababu gani. Katika mifano ya ripoti kuna ya mtu aliyekutwa amejinyonga: afisa anaelekezwa aangalie alama ya kamba, ulimi umetoka kiasi gani, na hewa ikitoka mdomoni na puani kamba inapofunguliwa. Kuna ya wizi wa joho lililotiwa pamba ya hariri, ambapo anapima tundu la ukutani na kuorodhesha alama za magoti na mikono ya mwizi.

#6 Mdau wa Mwanza

Ngazi ya kupandia ni ipi mkuu? Maana hapo ndipo penye siri.

#7 Mleta mada

Hapo hasa.

Kabla ya Shang Yang, heshima ilikwenda kwa damu. Aliyezaliwa mkubwa alikufa mkubwa. Yeye akaweka vyeo ambavyo hatimaye vilifika madaraja 20, na mlango wa kuingilia ukawa uwanja wa vita. Kichwa kimoja cha askari wa adui mwenye deraya: daraja moja, shamba la mu 100, ambalo ni zaidi ya ekari 10 za leo, na kiwanja cha nyumba. Hata ndugu wa mtawala asiye na sifa ya vita aliondolewa kwenye orodha ya ukoo wa kifalme.

Cheo kilikuwa na thamani ya vitendo. Kilipunguza adhabu. Na kulikuwa na kifungu hiki: mtu akirudisha madaraja mawili kwa serikali, anaweza kumkomboa baba au mama yake mmoja aliyekuwa mtumwa wa serikali. Fikirieni kijana wa kijijini ambaye mama yake amehukumiwa. Anajua bei, na anajua ofisi ya kulipia. Bei yenyewe inatoka kwenye vichwa vya vijana wa nchi nyingine waliokuwa na mama zao pia. Sisemi jambo hili ni zuri. Nasema ndilo lililomfanya atembee kwenda vitani bila kusukumwa.

Na tunayo sauti ya vijana wenyewe. Palepale Shuihudi, kaburi namba 4, zilipatikana barua mbili zilizoandikwa juu ya vipande vya mbao na askari wawili wa Qin, Heifu na Jing, wakiwa kwenye vita dhidi ya nchi ya Chu. Ndizo barua za kifamilia za kale zaidi zilizopatikana China. Wanamsalimia mama, wanaomba nguo na pesa. Jing anataka sarafu mia tano au sita na kitambaa, anasema nyumbani wasipotuma atakufa, kisha anarudia neno la kuharakisha mara tatu. Katikati ya salamu na shida hizo, Heifu anauliza: cheo kimeshafika nyumbani au bado? Mkijibu, hakikisheni mnanieleza.

Yuko matopeni, hana nguo, na anafuatilia hati yake ya ofisini. Hapo ndipo utii wa Qin ulipokaa.

#8 Mdau wa Mombasa

Ikiwa ulikaa vizuri hivyo, mbona ilidumu miaka 15 tu baada ya kuunganisha nchi?

#9 Mleta mada

Swali la haki, ndugu yangu. Wengi hujibu "ukatili" na kufunga kitabu. Lakini sheria za kabla ya 221 KK na za baada yake zilikuwa karibu zilezile. Kilichobadilika ni kwamba vita viliisha.

Nchi ya mwisho, Qi, ilipoanguka, maadui wa kukatwa vichwa wakabaki mipakani tu. Ngazi ikakatika katikati. Mfalme, anayejulikana leo kama Qin Shi Huang, aligawa vyeo mara chache kwa matukio maalumu, lakini mkulima wa kawaida hakuwa tena na njia ya kujipandisha kwa juhudi yake. Upande wa pili wa mizani ukabaki kamili: kodi, shokoa, faini, dhamana ya jirani. Sima Qian anataja watu 700,000 waliopelekwa kujenga kasri na kaburi la mfalme, na askari 300,000 chini ya jenerali Meng Tian huko kaskazini. Hata tukipunguza tarakimu hizo, mzigo ulikuwa mkubwa, na ulibebwa na watu wa nchi zilizoshindwa ambao babu zao hawakuwahi kuona faida yoyote ya mfumo huo.

Mfalme alikufa 210 KK. Mwaka uliofuata Chen Sheng na Wu Guang, wakiongoza kundi la watu 900 waliopelekwa kulinda mpaka wa Yuyang, walikwama kwa mvua kubwa, wakaua maafisa wao na kuanzisha uasi. Nchi nzima ikashika moto.

#10 Mdau wa Dodoma

Nilifundishwa kwamba waliasi kwa sababu kuchelewa adhabu yake ilikuwa kifo, kwa hiyo wakaona afadhali wafe wakipigana.

#11 Mleta mada

Ndivyo Sima Qian alivyoandika, na kwa miaka 2,000 hakuna aliyekuwa na cha kumpinga nacho. Halafu kaburi la Xi likafunguka. Sheria ya shokoa iliyomo inasema: kundi likichelewa siku tatu hadi tano, karipio. Siku sita hadi kumi, faini ya ngao moja. Zaidi ya kumi, deraya moja. Na kisha: mvua ikizuia, wito ufutwe.

Wanahistoria bado wanabishana. Wapo wanaosema walinzi wa mpaka walifuata sheria ya kijeshi, kali kuliko ya shokoa, na vibanzi hivyo ni vya miaka ya kabla. Wengine wanasema Chen Sheng aliwatisha wenzake ili wamfuate. Mimi naegemea hawa wa pili, kwa sababu maneno ya kifo yamo pia kwenye hotuba yake kwa wenzake, na kiongozi wa uasi ana kila sababu ya kufunga mlango wa kurudi. Hata hivyo, iwe ni kweli au uongo, watu 900 walimwamini. Sheria inayosamehe mvua haina msaada kama aliyenyeshewa haamini kwamba itamsamehe.

Tazameni pia ni akina nani waliomaliza kazi. Liu Bang, aliyeanzisha enzi ya Han, alikuwa mtumishi wa chini kabisa wa Qin, mkuu wa kituo cha barabarani huko Sishui. Alipewa wafungwa awapeleke Mlima Li kwenye ujenzi wa kaburi. Wengi wakamtoroka njiani. Akijua atawajibika kwa kila aliyepotea, akawafungulia waliobaki, akakimbia na wachache waliochagua kumfuata. Xiao He, aliyekuja kuwa waziri wake mkuu, alikuwa karani wa wilaya ya Pei. Cao Shen, aliyemrithi Xiao He, alikuwa karani wa gereza. Watu waliokuwa wakiishika ile mashine kwa mikono yao ndio walioiachia.

#12 Mdau wa Mwanza

Basi Han wakaja na utaratibu mpya kabisa?

#13 Mleta mada

Hapana mkuu, na hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Liu Bang alipoingia eneo la mji mkuu aliwaahidi wazee sheria tatu tu: anayeua atauawa, anayejeruhi na anayeiba wataadhibiwa kulingana na kosa, sheria nyingine zote za Qin zimefutwa. Watu wakashangilia. Lakini jeshi lilipoingia Xianyang na makamanda wakakimbilia hazina kugawana dhahabu na hariri, Xiao He alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi za serikali akabeba ramani, sheria na daftari za kaya. Kwa daftari hizo Liu Bang akajua wapi pana watu wengi, wapi pachache, wapi ni ngome. Baadaye Xiao He huyohuyo akatunga sheria za Han kwa kuchukua za Qin alizoona zinafaa.

Sheria za Han za mwaka 186 KK, zilizopatikana kaburini Zhangjiashan, bado zina kaya tano tano na vyeo 20. Walichogeuza ni uzito. Mwaka 167 KK mfalme Wen alifuta adhabu za kuchora uso, kukata pua na kukata mguu, baada ya binti aitwaye Tiying kumwandikia akijitolea kuwa mtumwa ili baba yake asikatwe kiungo. Viboko vilivyowekwa badala yake viliua wengi, ikabidi mfalme aliyefuata avipunguze. Na ile ngazi iliyokatika waliiunga kwa njia rahisi: mfalme mpya akitawazwa, mrithi akitangazwa, wanaume waandikishwao nchi nzima walipandishwa daraja bila kukata kichwa cha mtu. Mwaka 2 BK daftari la Han lilihesabu kaya zaidi ya milioni 12 na watu karibu milioni 60. Enzi hiyo, ukiacha kipindi kifupi cha Wang Mang aliyenyakua kiti cha ufalme, ilifika mwaka 220 BK.

#14 Mdau wa Dodoma

Hili la dhamana ya pamoja lilikuwa China tu?

#15 Mleta mada

Hapana. Uingereza ya zama za kati, hasa baada ya Wanormani kuiteka, wanaume waliwekwa katika vikundi vya kumi kumi, na mmoja akikosa wenzake wasipomleta mahakamani kundi zima lilitozwa faini. Wainka wa Andes walipanga kaya kwa kumi, mia, elfu na elfu kumi, kila ngazi na mkuu wake, hesabu zikitunzwa kwa kamba zenye mafundo. China yenyewe iliurudia mpango huo mwaka 1070 BK, wakati Wang Anshi wa enzi ya Song alipozipanga kaya kumi kumi kwa ulinzi wa vijiji.

Wainka wanastahili uzi wao, maana kule ghala za chakula zilifanya kazi ambayo Qin waliifanya kwa faini. Nikipata nafasi nitaufungua. Mwenye swali kuhusu vibanzi vya Xi aweke hapa, nipo.